Chai ya Mkaguzi

Hatsue Igarashi aliogopa kitu kimoja tu duniani, nacho ni godoro lake mwenyewe.

Kufa hakukumtisha. Mume wake alishatangulia, mashoga zake wengi walishatangulia, na akipiga hesabu ya waliobaki aliona huko waliko wengine ndiko kwenye gumzo. Alichoogopa ni lile godoro la kutandika sakafuni, analolikunja kila asubuhi na kulifungia kabatini, kwa sababu msimu wa theluji wa mwaka juzi lilimla nusu. Mgongo ulimkamata pale chini kabisa, kiunoni, alipoinama kuokota soksi. Soksi! Mwanamke aliyepandisha sinia za wageni ngazini tangu ujana wake, akaangushwa na soksi. Kila mtu akamwambia pumzika. Majirani wakaleta supu, wakaleta figili za kuchachusha, wakasema usijisumbue, wewe lala tu. Naye akalala. Alilala hadi theluji ikayeyuka, na siku alipotaka kusimama miguu ilimkana. Mapaja yalikuwa yamekwisha kabisa. Akawa anatambaa kwenda chooni, na siku nyingine hakuwahi kufika. Hilo la kutokufika hakumwambia mtu, hata binti yake Chinami aliyeko Sendai. Alifua shuka mwenyewe, kapiga magoti bafuni, analia kwa hasira.

Kilichomtoa kwenye godoro ni kituo cha mazoezi cha wazee kule bondeni, kilichokuwa kikimfuata na kibasi chake kila Jumanne na Ijumaa. Mwalimu wa pale, Okubo, alikuwa mwanamume mnene mwenye sauti ya mnadani, na siku ya kwanza kabisa alimwambia ukweli.

"Mama Igarashi, sikudanganyi. Haya maumivu hayaondoki. Utalala nayo, utaamka nayo. Ila ukilala wewe, yenyewe hayalali, yanakula nyama za miguu. Kwa hiyo tutafanyaje? Tutatembea nayo."

Wakatembea nayo. Hatsue alishika vyuma viwili vya kutembelea akaenda na kurudi, akavuta mikanda ya mpira kwa miguu, akajifunza kuinuka kitini bila kujirusha. Nyuma yake alikuwepo Kimiyo, bibi wa miaka themanini na kitu mwenye ulimi usio na breki.

"Wewe Hatsue, mbona unatembea kama bibi harusi? Sogea huko, sisi wengine tuna haraka ya kufa."

"Tangulia basi, nani kakuzuia?"

"Nitangulie nikakusikie huku nyuma unanisengenya? Thubutu!"

Mgongo uliuma vilevile. Lakini kufikia vuli Hatsue alikuwa anaanika nguo mwenyewe, anashuka dukani kununua tofu, ile jibini ya soya, mwenyewe, na godoro linashinda kabatini. Maumivu aliyachukua kama mpangaji mkorofi asiyefukuzika, na akiwa bado na Jumanne na Ijumaa zake aliona anammudu.

Tatizo ni kwamba siku hizo hazikuwa zake. Zililipiwa na bima ya uangalizi wa wazee, na bima haimpi mtu kitu cha milele. Muda ukipita, mkaguzi wa halmashauri anakuja nyumbani kukutazama. Akiona umechoka, unaendelea. Akiona u mzima, nafasi inakwenda kwa mwingine. Yaani ukifanya mazoezi vizuri hadi ukapata nafuu, unanyang'anywa mazoezi yaliyokupa nafuu. Aliyeitunga sheria hiyo bila shaka hajawahi kuumwa hata jino.

Chinami alipiga simu usiku wa kuamkia ukaguzi.

"Mama, nisikilize vizuri. Huyo mkaguzi akija, usiinuke."

"Mlango atamfungulia nani?"

"Uache wazi, ataingia mwenyewe. Wewe kaa kwenye kiti. Na usimpe chai."

"Chinami! Mtu katoka kwenye theluji..."

"Usimpe chai, mama. Usipige magoti. Usiseme 'sijambo, sijambo' kama unavyowaambia majirani. Akikuuliza unaumwa wapi, sema. Na habari za chooni, sema."

Hatsue akahamishia simu sikio la pili. "Habari gani za chooni?"

"Mama, shuka mpya alikununulia nani? Unadhani sikujua?"

Alitamani sakafu immeze.

"Wenzako wote siku hiyo wanajilegeza," Chinami akaendelea, sauti imelainika. "Bibi Kimiyo alijifanya hajui hata mwaka huu ni mwaka gani."

"Kimiyo hana haya."

"Kimiyo ana kiti chake kwenye basi, mama. Na wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia, kwamba godoroni hutarudi tena hata iweje. Niahidi basi."

Akaahidi. Na aliahidi kwa moyo mmoja, hilo lieleweke, kwa maana wapo waliokuja kumsema baadaye kwamba alitaka kujionyesha. Hakutaka. Lakini Chinami alikuwa anapambana na kitu asichokijua vizuri. Hatsue alikuwa ametumikia wageni katika hoteli ya chemchemi za maji moto pale mjini maisha yake yote ya kazi, na mama mwenye hoteli, mwanamke mkali asiyepandisha sauti, alikuwa amewafundisha wasichana wake neno moja kabla ya kuwafundisha kushika sinia: mgeni asione umechoka. Ukiumia, umia jikoni.

Mkaguzi aliitwa Munakata, mama wa makamo, mpole, na alifika na soksi zilizolowa hadi vifundoni. Hatsue alikuwa kitini. Mikono ameikamatisha kwenye viegemeo kama abiria wa ndege inayotikisika. Hata salamu alimpa akiwa amekaa, na uso ukamwaka moto kwa aibu.

"Bi Igarashi, samahani kwa maswali, mengine ni ya ajabu kidogo. Huu ni msimu gani?"

Nje theluji ilikuwa imefika nusu ya dirisha. "Wa baridi," Hatsue akasema.

"Kujigeuza unapolala, unaweza?"

"Kwa... kwa taabu."

"Vizuri." Munakata akaandika. "Kiuno kinauma?"

"Kinauma," Hatsue akasema, na neno likamtoka dogo, limejikunyata. Akajipa moyo. Alikuwa anaweza! Yalibaki maswali machache tu, na habari za chooni ameshaziandaa mdomoni.

Munakata akakohoa. Akasugua viganja vyake vyekundu, akavipulizia, akainama tena kwenye karatasi zake bila kulalamika. Na juu ya jiko la mafuta ya taa birika likaanza kuimba.

Hatsue hakuamua kuinuka. Angeulizwa mbele ya hakimu angeapa hivyo. Mwili uliinuka wenyewe, ukaenda jikoni, ukapasha vikombe, ukakata vipande matunda makavu aliyoyaning'iniza mwenyewe barazani. Akarudi na sinia. Mlangoni akapiga magoti, mgongo wima, akaweka sinia chini, akausukuma kando kidogo mlango wa fremu ya mbao na karatasi kwa mkono mmoja na kuumalizia kwa mwingine, akainama, akaingia kwa magoti. Kiunoni kisu kilikuwa kinazunguka. Usoni hapakuwa na kitu ila tabasamu.

"Jamani!" Munakata akasema, akakumbatia kikombe. "Tangu asubuhi sijatia kitu cha moto tumboni. Bi Igarashi, unapiga magoti vizuri kuliko mimi!"

"Aa, mazoea tu. Karibu, kula, kula. Nikuongezee?"

Msimlaumu haraka. Kwa muda mrefu yeye ndiye aliyekuwa analetewa supu, analetewa figili, anaambiwa usijisumbue. Dakika ile palikuwa na mtu aliyepigwa na baridi chumbani mwake na chai yake ilikuwa inampasha moto. Alifurahi hadi akasahau. Maswali yaliyobaki aliyajibu akiwa amepiga magoti pembeni ya meza, sijambo, naweza, bila wasiwasi, na la chooni lilipofika alicheka akifunika mdomo, akasema, "Ah, hapana, hapana."

Na kama vile hajajiharibia vya kutosha, akamsindikiza. Wahudumu wa hoteli humsindikiza mgeni hadi nje, huinama, kisha hupunga mkono hadi gari lipotee kabisa, hata iwe mvua, hata iwe theluji. Hatsue alisimama barabarani akapunga. Munakata alimwona kwenye kioo cha gari, akampigia honi mbili fupi za kumuaga. Gari likakata kona. Hapo ndipo Hatsue akaingia jikoni, akalala kwenye mbao, akauma kitambaa cha vyombo ili asipige kelele.

Barua ilikuja baada ya mwezi. Hastahili.

"Ulimpa chai?" Chinami akauliza kwenye simu.

Hatsue akaikunja barua mara mbili.

"Mama. Na matunda?"

"Soksi zake zilikuwa zimelowa, mwanangu."

Chinami hakugomba, na hilo ndilo lililomtisha Hatsue. Alisikika akivuta kamasi. Akasema wataomba upya, ila mambo ya halmashauri ni ya polepole, jibu huenda likaja theluji ikishayeyuka. Hadi theluji iyeyuke! Hatsue alijua vizuri kuliko mtu yeyote godoro linaweza kumfanya nini mtu hadi theluji iyeyuke.

Alijikaza kisabuni. Alishika ukingo wa sinki akainuka na kuchuchumaa kama alivyofundishwa. Alitembea ushoroba wa nyumba yake kwenda na kurudi, amevaa mkanda wa kiuno wa marehemu mumewe. Lakini ushoroba ulikuwa mfupi na wa baridi, na hapakuwa na Okubo wa kumwambia maumivu haya si ya kuogopa, yale ndiyo ya kuogopa. Kila mchomo ukawa wa kuogopa. Kisha theluji ikaanguka mfululizo, barabara ikafungika, duka la tofu akawa analiona dirishani tu. Asubuhi moja hakulikunja godoro. Alijiambia leo tu. Kesho yake hakulikunja tena, wala hakujiambia kitu.

Halafu ikaja asubuhi ya kutambaa. Alikuwa katikati ya ushoroba, viganja juu ya mbao, alipoliona fundo la mti kwenye ubao mmoja, fundo lenye umbo la sikio. Alilikumbuka. Mwaka juzi alikuwa akitambaa juu yake kila siku, pua karibu iliguse. Akaganda palepale. Alikata tamaa kabisa, hilo halina haja ya kufichwa, akalaza shavu juu ya ubao na kumwambia marehemu mumewe amfuate basi, kama bado anamkumbuka. Mumewe hakuja. Alikuwa mtu wa kuchelewa hata alipokuwa hai.

Ilikuwa Jumanne. Kwa mbali, bondeni, kibasi cha kituo kilipiga honi kwa mzee wa nyumba ya kwanza.

Hatsue alishika ukuta akasimama. Akavaa buti, akavaa koti, akaukaza mkanda wa marehemu hadi pumzi ikamwisha. Atashuka kwa miguu. Atamwambia Okubo amwachie vile vyuma watu wakienda kula, au afagie, au asimame tu pale mlangoni awatazame wenzake wakitembea. Mtu akiyakumbuka maneno hayo atajua alikuwa amefika wapi, kwa maana Hatsue Igarashi hakuwahi kuomba kitu kwa mtu.

Theluji ilikuwa imesimama kuta mbili kushoto na kulia, zimempita kimo, na kando ya barabara vilichomoza vile vyuma virefu vyekundu na vyeupe vya kuwaonyesha madereva barabara inaishia wapi. Alikwenda kutoka chuma hadi chuma. Kibasi kikamkuta njiani. Kikapunguza mwendo, dirisha likafunguka, na kichwa cha Kimiyo kikatoka.

"Hatsue! Wewe mwendawazimu, unakwenda wapi?"

"Kituoni."

"Kwa miguu? Dereva, simama! Simama nakwambia, mpandishe!"

Dereva akasimama, akavua kofia, akainamisha kichwa. "Mama, nisamehe. Asiye wa bima siruhusiwi kumpakia. Ukiumia humu ndani, mimi na familia yangu tunalala njaa."

"Na akifa hapo nje je?" Kimiyo akafoka.

"Mwache, Kimiyo," Hatsue akasema. "Anasema kweli. Nendeni."

Kimiyo alimrushia kifuko chake cha kupashia mikono joto. Macho yake yalikuwa mekundu. Kibasi kikaondoka taratibu na nyuso zote kwenye vioo vya nyuma zinamtazama, watu anaowajua magoti yao na viuno vyao, hadi theluji ikazifuta.

Alikwenda tena kidogo. Kabla ya kona mguu ukateleza. Hakuanguka, alijidaka akiwa bado wima, lakini kiuno kikakatika. Ndivyo alivyosikia, kimekatika. Akakumbatia chuma cha barabarani, shavu likagusa baridi yake, na mguu wa kushoto ukakataa kuitika. Mbele hapaendeki, nyuma hapaendeki. Nyumba ya karibu ilikuwa ng'ambo ya kona. Theluji ikaanza kumjaa mabegani. Alijaribu kuita, ikatoka sauti ya mtu anayemwita mwenzake chumba cha pili.

Ndipo akasikia gari.

Lilikuwa gari dogo jeupe la halmashauri. Na hapa ndipo ningempiga kofi kama angekuwa dada yangu. Gari lilipofika, Hatsue alikuwa amejinyoosha, amejipangusa theluji mabegani, mkono mmoja umeshika chuma kama vile ameegemea kupumzika. Anatabasamu.

Kioo kikashuka. "Bi Igarashi!" Alikuwa Munakata. "Unafanya mazoezi na baridi yote hii? Hongera! Kila mtu angekuwa kama wewe, sisi tungekosa kazi."

"Natembea kidogo tu."

"Nikusogeze mahali?"

"La, la, nitakuchelewesha bure."

Mtu wa nchi ile akipewa kitu hukikataa kwanza, naye mtoaji hukitoa tena, na safari ya pili ndipo hupokewa. Hatsue alikuwa anangoja hiyo safari ya pili. Aliingoja kwa mwili mzima. Lakini Munakata alikuwa amemwona akipiga magoti, akiinuka, akipunga mkono kwenye theluji, na alikuwa na nyumba nyingi za kupita siku hiyo.

"Haya, mama. Nakutakia matembezi mema."

Gari likaondoka, na Hatsue akainama kumuaga.

Kiuno kikajifunga. Hakuweza kuinua kichwa, hakuweza kuvuta pumzi yote. Gari lilikuwa linakwenda, msaada wa pekee asubuhi ile yote, na lilikuwa bado halijafika kwenye kona. Akanyanyua mkono. Akapunga. Akapunga kwa nguvu zake zote, rudi, rudi, siwezi!

Kule mbele Munakata alitazama kioo. Akapiga honi mbili fupi.

Aliposikia honi zile Hatsue alielewa, na kuelewa kule kulimuumiza kuliko kiuno. Hata angepunga hadi jioni angeonekana anaaga. Alikuwa amekaa maisha yote akijifunza kuumia bila kuonekana, na sasa alikuwa amehitimu. Angekufa amesimama pale, anaaga vizuri, na wangesema bibi wa watu alikuwa na afya jamani, alitutoka akifanya mazoezi.

Taa za gari zilikuwa zinakaribia kona. Lilikuwepo jambo moja tu ambalo mhudumu wa hoteli halifanyi mbele ya mgeni, na ndilo hilohilo ambalo Hatsue aliapa halifanyi tena maishani mwake. Machozi yalimtoka kabla hajalifanya.

Akaachia chuma. Akalala.

Alilala chali katikati ya barabara, mikono imetandazika, theluji inamwangukia machoni. Ilikuwa laini, na hilo lilimtisha, jinsi ilivyokuwa laini. Hakuona kitu ila weupe. Alisikiliza mlio wa injini ukienda, ukienda, halafu ukakatika. Mlango ukabamizwa. Akasikia viatu vinakimbia, vinateleza, vinakimbia.

"Bi Igarashi! Mungu wangu, Bi Igarashi! Unaumwa? Unaumwa wapi?"

Munakata alikuwa amepiga magoti juu yake, vibaya, goti moja huku na jingine kule, soksi zimelowa tena. Mdomo wa Hatsue ulifunguka na lile neno la sijambo likaja lenyewe hadi kwenye ulimi. Akalitafuna, akalimeza.

"Kiuno," akasema. "Kila siku. Hata siku ile ya chai. Na chooni huwa sifiki."

Munakata alimshika mkono, akasema usiinuke, mama, usiinuke, naita watu.

Safari hii Hatsue hakuinuka.